Kisu cha Kukunja Hufia Kwenye Kiungo

Mnunuzi wa kisu cha kukunja, awe sokoni Voi au kwenye kibanda cha stendi ya Mwatate, huanza kwa kupitisha kidole gumba juu ya makali. Yakikwaruza ngozi, anaridhika na kulipa. Amepima sehemu ambayo ni rahisi kuliko zote kurekebisha, kwa maana kinoo cha bei nafuu na robo saa ya utulivu hukirudisha kisu butu kazini. Kisichorudi kwa urahisi ni kiungo: pini inayoshikilia bapa kwenye mpini, springi ya mgongoni, na ule uwazi mwembamba ambamo bapa hulala likikunjwa. Uhai wa kisu cha mfukoni uko hapo, na kifo chake pia.

Taita Taveta ni mahali pazuri pa kuthibitisha jambo hili, kwa sababu ndani ya kaunti moja kisu hukutana na mazingira manne tofauti, na kila moja hukishambulia kwa njia yake. Mtu anayejua kiungo kinavyofanya kazi atajua anunue nini, abebe vipi, na akistaafishe lini.

Kiungo kinavyofanya kazi

Chukua Okapi, kisu ambacho tangu mwanzo kilibuniwa kwa ajili ya soko la Afrika. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe makoloni, kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Mpini ni wa mbao, umepambwa kwa mwezi na nyota za chuma. Bapa ni la chuma cha kaboni, kinachonoleka upesi na kushika kutu upesi vilevile.

Ufundi wake uko mgongoni. Kwenye shina la bapa, kando ya pini, kuna meno. Ukilifungua bapa, springi huruka kutoka jino moja hadi jingine, kr-kr-kr, kisha hunasa jino la mwisho na bapa hukaa imara. Kulifunga, unavuta pete ndogo iliyo juu ya springi. Springi huinuka, jino huachia, bapa linarudi ndani. Ni ufundi rahisi ambao fundi yeyote anauelewa kwa kuutazama, lakini unategemea mambo mawili: springi iwe bado na nguvu, na jino la mwisho liwe bado na kona kali. Kona ikishalika na kuwa mviringo, kisu kitaonekana kimejifunga, kumbe kinasubiri mkono usukume kidogo tu.

Opinel, ambacho Joseph Opinel alianza kukitengeneza Savoie nchini Ufaransa mwaka 1890, kina njia nyingine. Tangu 1955 shingo yake ina pete inayozungushwa ili izuie bapa lisirudi. Udhaifu wake uko kwenye mbao: mpini ukilowa, mbao huvimba na kulibana bapa mpaka lisifunguke. Kisu chekundu cha Uswisi, kilichosajiliwa mwaka 1897 kama kisu cha maofisa, hakina kufuli kabisa kwenye bapa lake dogo la kawaida. Springi hulisukuma tu libaki wazi au libaki ndani. Anayekitumia kuchoma na kupekecha, badala ya kukata, anacheza na vidole vyake.

Hizo ni njia tatu, na kila moja hufa kifo chake. Okapi huisha meno, Opinel huvimba shingo, cha Uswisi huchoka springi na kujaa uchafu. Katika zote tatu, bapa lenyewe mara nyingi huwa bado na chuma cha kutosha cha kunolewa miaka mingi.

Maadui wanne

Adui wa kwanza ni vumbi la Voi. Ndani ya udongo ule mwekundu mna chembe za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kisu: kwenye kipimo cha Mohs kwatzi ina 7, chuma kilichokomazwa kiko kati ya 5.5 na 6.5 hivi. Vumbi likiingia kwenye kiungo chenye mafuta mazito, unapata msasa. Kila mara unapofungua na kufunga, pini inalika kidogo. Ndiyo maana kiungo cha kisu cha mtu wa Voi hakifai kulowekwa mafuta. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha, tena baada ya kusafisha, kisha unapangusa ya ziada. Mafuta ya kupikia usiyaguse. Yakikauka hugeuka gundi.

Adui wa pili ni utomvu wa mkonge. Mwatate wanamjua, kwa kuwa shamba la mkonge lililo pale ni miongoni mwa makubwa zaidi barani. Jani la mkonge lina nyuzi kiasi cha asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na nyama yenye asidi, inayowasha ngozi na kula chuma. Wakataji hawatumii kisu cha kukunja, na wana haki. Utomvu na vipande vya nyuzi vikiingia kwenye uwazi wa mpini havitoki kwa kupangusa, na asidi huendelea kufanya kazi usiku kucha. Kisu cha mkonge hakikunjwi. Husuuzwa kwa maji jioni na kukaushwa. Ukilazimika kukata jani kwa kisu cha mfukoni, kisuuze papo hapo kikiwa wazi, ukipulize ndani, ukianike, ndipo utie mafuta.

Adui wa tatu ni ukungu wa Wundanyi na vilima vinavyozunguka Vuria, kilele chenye mita 2,208. Kule unyevu hauonekani kama matone, lakini kisu cha chuma cha kaboni kilichoachwa ndani ya ala ya ngozi huamka na madoa ya rangi ya chungwa. Ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia, na chumvi zilizotumika kuitengeneza hukaribisha kutu. Ala ni ya kubebea mchana. Usiku kisu kilale nje ya ala.

Adui wa nne ni ndizi za Taveta. Utomvu wake huacha weusi kwenye chuma cha kaboni na kunata ndani ya kiungo. Weusi si ugonjwa. Bapa lililopata rangi ya kijivu iliyotulia hushika kutu taratibu kuliko lile linalosuguliwa kila wiki ling'ae. Kinachotakiwa kuondolewa ni ule unato, kwa maji ya moto na sabuni, huku bapa likifunguliwa na kufungwa ndani ya maji.

Kwa hiyo swali la chuma cha pua au chuma cha kaboni halijibiwi dukani, linajibiwa na mahali unapoishi na kazi unayofanya. Chuma cha pua, yaani kisichoshika kutu, kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi, na kinamfaa mtu wa Taveta anayekata matunda au mtu wa Wundanyi anayeishi na umande. Mchungaji wa ranchi za nyanda za chini, ambako hewa ni kavu na anachohitaji ni kunoa juu ya jiwe lolote, atatumikiwa vyema na kaboni.

Kubeba bila kujiletea taabu

Kisu kibebwe kwa kazi, na kazi hiyo iwe inaonekana. Sheria ya Kenya haikatazi mtu kumiliki kisu cha mfukoni, lakini inatazama mazingira. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinamhusu mtu anayekutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa, na adhabu yake ni kifungo cha kuanzia miaka 7 hadi 15. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inakataza silaha kwenye mikutano ya hadhara na maandamano. Kisu kilichokusaidia kupogoa asubuhi kikaonekana mkutanoni jioni hakina tena kazi ya kukitetea. Kiache nyumbani.

Jambo la pili ni treni. Tangu Madaraka Express ianze mwaka 2017, abiria wa kituo cha Voi hupitia ukaguzi wa mizigo, na visu ni miongoni mwa vitu visivyoruhusiwa. Watu wengi hupoteza visu vizuri pale kwa kusahau tu kuwa viko kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Fanya mazoea ya kukitoa usiku wa kuamkia safari.

Mfukoni, kisu kisichanganywe na sarafu na funguo. Vinakwaruza mpini na, baya zaidi, vinaingiza taka kwenye uwazi. Kifungie kitambaa kidogo au kipe mfuko wake.

Kunoa bila kuua

Kosa linaloua makali ni grinda ya umeme. Chuma kilichokomazwa kikipashwa moto kupita kiasi hupoteza ugumu wake. Rangi hukuonya: manjano ya majani makavu huja karibu na nyuzi joto 220, bluu karibu na 300. Ukiona bluu ukingoni, sehemu hiyo imelainika, na haitashika makali hadi ikatwe yote kwa kunolewa. Jiwe la mnoaji anayetumia baiskeli ni salama zaidi kwa kuwa huzunguka polepole, mradi asikandamize.

Njia bora ni kinoo cha mkono. Pembe inayofaa kazi nyingi ni nyuzi 20 hivi kila upande. Kuipata, simamisha bapa wima juu ya jiwe, lilaze nusu, kisha lilaze nusu tena: uko kwenye nyuzi 22.5, inatosha. Noa upande mmoja mpaka uhisi kwa kidole unyuzi mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa pili kwenye urefu wote wa makali. Bila unyuzi huo hujamaliza. Geuza, fanya vivyo hivyo, kisha punguza nguvu mpaka unyuzi ukatike, na umalizie kwenye ngozi ya mkanda wa zamani.

Kustaafisha

Vipimo ni vitatu. Kwanza, fungua bapa, shika ncha, litikise kushoto na kulia. Likicheza, pini imelegea. Hili hutibika: weka kichwa cha pini juu ya chuma kizito, ingiza kipande cha karatasi kati ya bapa na mpini ili usikaze kupita kiasi, kisha gonga upande wa pili kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, ukizunguka ukingo wa pini. Toa karatasi, tia tone la mafuta, jaribu.

Pili, kwa kisu chenye kufuli, bonyeza mgongo wa bapa dhidi ya ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kufuli likiachia, kisu hicho kimemaliza kazi ya kukunjwa. Hapa hakuna huruma. Usimpe kijana ati ajifunzie, wala usikiuze kama kizima.

Tatu, kifunge na utazame ncha. Bapa lililonolewa miaka mingi hupungua upande wa makali na kubadilisha umbo, na ncha huanza kuchungulia nje ya mpini. Inaweza kutulizwa kwa tupa ikiwa bado kidogo. Ikizidi, mfuko wako na paja lako viko hatarini.

Kisu kilichoanguka kipimo cha pili bado kina bapa. Liondoe, au likaze lisikunjike tena, ulipe mpini mnene. Bapa jembamba la chuma cha kaboni linafaa kubebeshea miembe na miparachichi: noa upande mmoja tu, upande wa pili ubaki bapa, ili mkato uwe tambarare na vikonyo vishikane, kisha lipanguse kwa spiriti kati ya mti na mti usihamishe ugonjwa. Bapa lililochoka hata hiyo kazi lina moja ya mwisho, ambayo huhitaji ubutu: kukwangua jani la mkonge hadi nyuzi zibaki, nyuzi zilezile zinazosukwa vikapu vya Taita na Kasigau.

Vya kuhifadhi

Anayekusanya visu asikusanye wingi. Kinachostahili kuhifadhiwa ni kisu kinachofundisha: kufuli la aina usiyonayo, bapa linaloonyesha miaka ya kunolewa, au kisu cha fundi wa jua kali kilichofuliwa kutoka springi ya lori, kwa sababu chuma cha springi kina kaboni ya asilimia 0.6 hivi na kromiamu kidogo, na hukomaa vizuri kikizimwa kwenye mafuta. Andika kwenye karatasi kilitoka wapi, kilifanya kazi gani, na kwa nini kilistaafu. Kisha kisafishe, kipake nta ya nyuki, ukifunge kwa kitambaa kikavu. Nta haiko mbali. Sagalla kuna mizinga iliyoning'inizwa kwenye uzio kuzuia ndovu wasiingie mashambani.

Kwa hiyo ukienda sokoni, acha kidole gumba. Fungua kisu mara kadhaa, sikiliza springi, tikisa ncha, bonyeza mgongo, tazama kama bapa linalala katikati ya mpini bila kugusa kuta. Kikifaulu hayo, kinunue hata kama ni butu. Kikishindwa, kirudishe mezani hata kama kinanyoa nywele.