Wingi wa Waimbaji kama Hoja: Uhakiki wa Matamasha ya Handel Nchini Uingereza

Oratorio ya Messiah ilipoimbwa kwa mara ya kwanza mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, kwaya ilikuwa na waimbaji 30 hivi. Mwaka 1784, miaka 25 baada ya kifo cha Handel, kazi hiyo ilirudiwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, na waimbaji na wapigaji ala zaidi ya 500. Mwaka 1859, katika Crystal Palace, jengo la vioo na chuma huko Sydenham, kwaya peke yake ilizidi watu 2,700. Swali la kihakiki ni iwapo kilichosikika huko kiliendelea kuwa kazi ile ile.

Tamasha la 1784 lenyewe linadokeza jibu. Charles Burney, aliyeliandikia kitabu, aliorodhesha majina ya washiriki na kuchora mpangilio wa jukwaa. Idadi ilikwisha kuwa sehemu ya sifa ya onyesho, pengine kuliko sauti yenyewe.

Huko Sydenham tatizo lilikuwa la kimaumbile. Sauti huchukua muda kusafiri. Mwimbaji wa safu ya nyuma huwasikia wenzake wa mbele kwa kuchelewa, na kadiri jukwaa linavyopanuka ndivyo mwendo unavyolazimika kupunguzwa. Vifungu vya nota nyingi za haraka, ambavyo Handel alivitungia koo chache zilizofunzwa vyema, huvurugika vinapobebwa na maelfu. Michael Costa, aliyeongoza matamasha hayo kwa miaka mingi, aliongeza ala ambazo mtunzi hakuziandika. Nyimbo za pamoja zenye vishindo zilinufaika. Zile za mwimbaji mmoja, ambazo ndizo zenye huzuni ya kazi hii, zilimezwa na ukumbi. Si ajabu kwamba mwaka 1891 George Bernard Shaw alitamani kuisikia Messiah ikiimbwa na kwaya ya watu 20 tu wenye uwezo.

Hoja ya Shaw ina nguvu kimuziki, lakini inampima mwimbaji kwa sikio la msikilizaji aliyelipa kiingilio. Wengi wa wanakwaya hao hawakuwa wanamuziki wa kulipwa. Waliwezeshwa na nakala za bei nafuu za mchapishaji Novello na, kwa baadhi yao, na mfumo wa sol-fa ulioenezwa na John Curwen, ambao ulimruhusu mtu asiyejua nota za mistari kujifunza sehemu yake kwa herufi. Kwao Messiah ilikuwa kazi ya kuimbwa kabla ya kuwa kazi ya kusikilizwa, na kasoro za mwendo hazikuwapunguzia chochote. Mfumo huo huo wamisionari waliufikisha Afrika Mashariki, ambako kwaya za makanisa zingali zinaandika nyimbo zao kwa herufi za d, r, m.