Saa ya Ukutani na Mwendo wa Msafara

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, hulaumiwa kwa uchache wa tarehe. Lawama hiyo, naona, ni ya msomaji aliyeketi chini ya saa ya ukutani. Saa ile, kazi ya fundi mstahiki, ina kamani, magurudumu ya meno na uzani unaobembea. Ikitundikwa kombo, husimama. Haibebeki begani. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora wakati ulihesabiwa kwa siku za mwendo, naye msimulizi kahesabu hivyo hivyo. Kasoro yake iko kwingine: Wanyamwezi walioipiga miguu ile, pembe mabegani, wengi wao hakuwataja hata majina.