Mawimbi Yalipokwama Migombani

"Mwanangu, mtandao umelala tena," aliniambia mwalimu mmoja mstaafu wa Nyanga, Manispaa ya Bukoba. Alikwishaipigia mara tatu kampuni inayomuuzia intaneti, na kila mara akaambiwa azime ruta aiwashe. Jua likiwaka kulikuwa na nafuu. Mvua ikinyesha, ukurasa unazunguka tu.

Kabla ya kugusa chochote nilitaka kujua mwendo unakwama wapi: kati ya kompyuta na ruta, au kati ya ruta na huko nje. Watu wengi huyachanganya haya mawili. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ya Tanzania iliyumba, na hakuna aliyeweza kuiponya kwa kuhamisha ruta chumba hiki au kile. Basi nikaandika amri ya kupima muda wa majibu, ping 192.168.1.1, anwani ya ruta yake mwenyewe. Sebuleni majibu yalirudi kwa milisekunde 2 au 3. Nikabeba kompyuta hadi chumba cha nje anakofundishia tuisheni, ng'ambo ya kibanja: 180, 640, kisha jibu likapotea kabisa. Tatizo lilikuwa humo humo uani.

Katikati kuna safu nne za migomba. Shina la mgomba karibu lote ni maji, na maji hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4 ambayo ruta ilitumia; maikrowevu hupasha chakula kwa masafa yaleyale. Majani yakilowa, balaa linaongezeka.

Liko jingine ambalo mafundi wengi hawalisemi. Kompyuta iliyo mbali hulazimika kuongea polepole ili isikike, pengine megabiti 1 kwa sekunde badala ya 54, na hewa ya kuongelea ni moja. Ni kama foleni ya bombani: mwenye mtungi wa mdomo mwembamba akikinga, wenye ndoo wote wanamsubiri. Ndiyo maana hata simu ya mjukuu aliyekaa kando ya ruta ilikuwa nzito kila bibi yake, yule mwalimu, alipofungua somo kule chumba cha nje.

Ruta ilikuwa chaneli 3, ikigombana na majirani walio chaneli 1 na 6. Nikaihamishia 11.

Walikuwapo walioshauri kifaa cha kurudia mawimbi. Nilikataa, maana kinapokea na kutuma katika hewa ileile, kila neno linasemwa mara mbili. Tukachimba mfereji wa kina cha jembe, tukapitisha kebo ya mtandao ndani ya bomba la plastiki. Kebo hiyo hufika mita 100 bila shida, na hapo hazikufika hata nusu. Mwishoni mwa kebo, kwenye chumba cha nje, tukafunga ruta yake ya zamani. Nikaizuia isigawe anwani, kazi hiyo ibaki kwa ile ya sebuleni, nikaipa chaneli 1, kwani huko nyuma jirani hasikiki.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa tatu asubuhi mwalimu alinitumia picha ya kioo cha kompyuta: majibu yote chini ya milisekunde 5, na nyuma yake, dirishani, migomba inachuruzika maji.