Mizani ya Arusha

Tangu kale mkubwa aliyetenda jinai kwa jina la dola alijificha nyuma ya dola hiyo. Mdogo aliyeua kwa amri aliadhibiwa. Mwenye amri aliheshimiwa. Mahakama ya Nuremberg, 1945 hata 1946, iliitikisa desturi hiyo. Mahakama ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 8 Novemba 1994 na kuwekwa Arusha, iliirithi kazi hiyo. Sheria yake ilitamka kuwa cheo hakimwondolei mtu hatia wala hakimpunguzii adhabu.

Tamko hilo halikubaki karatasini. Jean Kambanda, Waziri Mkuu wa serikali ya muda wakati wa mauaji ya 1994, alikiri makosa, na tarehe 4 Septemba 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha. Alikuwa mkuu wa kwanza wa serikali kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Rufani yake ilikataliwa mwaka 2000.

Sifa ya pili ya mahakama hiyo ni uangalifu wake katika kupima maneno. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alipatikana na hatia ya kuchochea mauaji hadharani, juu ya makosa mengine. Simon Bikindi, mwimbaji, alipewa miaka 15 mwaka 2008. Nyimbo zake zilichunguzwa, lakini alichohukumiwa kwacho ni maneno aliyoyatangaza barabarani kwa kipaza sauti. Ulimi uliwajibishwa, wala sanaa haikuhukumiwa kwa dhana.

Lakini mizani hupimwa kwa vitanga vyote viwili. Sheria ile ile iliruhusu kushtakiwa kwa yeyote aliyetenda jinai hizo Rwanda mwaka 1994. Mahakama ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015 ilikuwa imeshtaki watu 93, na hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa kwa matendo ya jeshi lililoshinda, ingawa wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walitaja mauaji yake pia. Haisemwi kuwa makosa ya pande mbili yalilingana. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hayana kifani katika habari hii. Husemwa tu kuwa uzito wa jinai kubwa haufuti jinai ndogo, na yatima hulia sawa upande wowote.

Arusha ilithibitisha kuwa cheo si kinga. Kuthibitisha kuwa ushindi nao si kinga, iliwaachia wengine.