Jaribio, Mtihani au Kipimo?

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazotumika katika tafsiri za Kiswahili, neno jaribio limebebeshwa mzigo unaolizidi. Hutaja tendo la kujaribu kufanya jambo, kama vile kufungua akaunti. Na papo hapo hutaja ukaguzi unaofanywa ili kujua kama programu ni nzima. Makala haya yanashikilia kwamba kazi hii ya pili si yake.

Tuchukue mfano wa shule inayoweka kumbukumbu zake katika seva yake yenyewe, badala ya kukodi nafasi kwa kampuni. Mwangalizi wa seva huandika skripti, yaani faili fupi yenye amri ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine. Skripti moja huangalia kama seva inaitika. Nyingine huangalia kama nakala ya akiba inafunguka. Asubuhi anakuta ujumbe: "Jaribio limeshindwa." Je, nakala ni mbovu, au skripti yenyewe haikuweza kuendeshwa? Ikiwa nakala ni mbovu, hana budi kutengeneza nyingine mara moja, kabla kumbukumbu hazijapotea. Ikiwa skripti ndiyo iliyokwama, huenda nakala haina dosari yoyote. Ujumbe haumsaidii kujua lipi ni lipi.

Wenye fani wamekwisha kuyatenganisha mambo haya. JUnit, chombo cha kupimia programu za Java kilichoanzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997, kilihesabu mbalimbali kasoro zilizotazamiwa kukaguliwa na hitilafu zilizozuka bila kutazamiwa. GNU Automake nayo husoma namba ambayo skripti huirudisha inapokwisha: 0 ni salama, 77, ukaguzi umerukwa, 99, ukaguzi wenyewe umekwama, namba nyingine yoyote, kasoro imeonekana.

Huenda mtu akapendekeza mtihani. Neno hili halifai. Mtihani humpima mtu aliyefundishwa, nao huleta alama. Na kila mwalimu anajua maana ya sifuri katika mtihani. Kwa skripti, sifuri ndiyo habari njema.

Neno linalofaa linatumika tayari hospitalini. Mgonjwa akigunduliwa kuwa na malaria, hatusemi kwamba kipimo kimeshindwa; twasema kipimo kimeonyesha malaria. Kipimo kilichogundua ugonjwa kimetimiza kazi yake. Damu ikiharibika kabla ya kupimwa, twasema kipimo hakikufanyika. Basi na tuseme: kipimo kimeonyesha kasoro, kipimo hakikuonyesha kasoro, kipimo kimerukwa, kipimo kimekwama. Usemi wa pili ni bora kuliko "kimefaulu", maana kipimo kimoja hakithibitishi kwamba programu nzima haina kasoro.

Itasemwa kwamba kipimo ni mita na kilo pia. Ni kweli, lakini mganga na muuza vitambaa wamelitumia neno hilo miaka mingi bila kugongana.

Jaribio libaki na kazi yake ya asili, kama katika "majaribio matatu ya kufungua akaunti yameshindwa". Wafasiri wa miongozo ya programu, na walimu wa kompyuta, wanaombwa kuizingatia tofauti hii kila wakutanapo na ujumbe wa namna hiyo, na kuuliza kwanza: ni nini hasa kilichoshindwa?