Bwana Chifunga-tumbo: Maisha ya Afisa wa Bahari na Kipimo cha Enanga

Katika mwezi wa Juni 1915 vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha kuingia katika maziwa makuu ya Afrika ya Mashariki. Tarehe 15 ya mwezi huo Geoffrey Spicer-Simson, afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliondoka kwao na motaboti mbili zilizokusudiwa kufikishwa Ziwa Tanganyika. Wiki moja baadaye, tarehe 22, askari wa Kiingereza waliosafirishwa kwa meli kutoka Kisumu walishuka pwani ya ziwa jirani na Bukoba. Walipigana siku mbili, wakaharibu mtambo wa simu ya upepo wa Wadachi, kisha mji ukaporwa. Safari ya Spicer-Simson imeandikiwa vitabu. Kuporwa kwa Bukoba hupewa kurasa chache katika historia za majeshi. Tofauti hiyo yatosha kumfanya msomaji wa Bukoba au Muleba aulize jinsi maisha ya afisa mmoja yanavyogeuka kuwa hadithi, na nani huachwa nje ya hadithi hiyo.

Maisha yenyewe yana mengi ya kumvuta msimulizi. Spicer-Simson alizaliwa Tasmania mwaka 1876, akaingia jeshini angali kijana. Alifanya kazi ya kupima mito katika Uchina na Gambia, lakini cheo chake kilipanda polepole. Mwezi wa Novemba 1914 manowari Niger, iliyokuwa chini ya uangalizi wake, ilizamishwa karibu na Deal naye yuko nchi kavu. Alipopewa amri ya safari ya Tanganyika alitaka boti zake ziitwe Paka na Mbwa. Wakuu wake walipokataa, akaziita Mimi na Toutou, maneno ya kitoto ya Kifaransa yenye maana ile ile. Boti zilipelekwa kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, zikavutwa kwa mitambo ya mvuke na kwa maksai juu ya milima ya Mitumba, zikafika Lukuga mwishoni mwa Oktoba 1915. Tarehe 26 Desemba zikaiteka Kingani ya Wadachi, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Waandishi watatu wanafaa kutazamwa hapa. C. S. Forester, katika riwaya yake The African Queen ya mwaka 1935, alichukua kiini cha tukio akakijaza watu wa kubuni. Peter Shankland, katika The Phantom Flotilla ya mwaka 1968, alitegemea sana kumbukumbu za daktari wa msafara. Giles Foden, katika Mimi and Toutou Go Forth ya mwaka 2004, aliyasimulia yote upya kwa ucheshi mwingi. Shankland na Foden hawamtukuzi afisa wao. Wanamchora kuwa mtu wa majivuno, mwenye chale mwilini, avaaye sketi mbele ya askari wake, asemaye makubwa kuliko atendayo. Msomaji hucheka, na katika kucheka hudhani kwamba ufalme wa Kiingereza umekwisha kusutwa.

Hapo ndipo penye kasoro. Kicheko kinamshusha afisa cheo, lakini hakimwondoi jukwaani. Wapagazi waliofyeka njia, na wanawake waliobeba maji vichwani ili mitambo ya mvuke isikauke, wanapita katika kurasa kama kundi lisilo na jina. Msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, hawezi kulipita hivi hivi jina la boti ya kwanza. Kwa Mfaransa mdogo ni paka. Kwa watu wa mwambao wa Tanganyika waliokijua Kiswahili, jina hilo lilikuwa tamko la mtu anayejitaja mwenyewe. Hadithi nzima imebaki hivyo, ya Mimi isiyo na Sisi.

Wahaya wana kipimo kingine. Katika enanga, utenzi unaoimbwa kwa ala ya nyuzi yenye jina hilo hilo, shujaa hasimami peke yake. Wasikilizaji wanaujua ukoo wake na nchi yake, na nguvu zake hupimwa mbele ya nguvu zilizo kubwa kuliko yeye. Mmoja wa wanaoimbwa ni Mugasha, mwenye ziwa na tufani, ambaye mvuvi wa Bumbire alimwogopa kabla ya kuona meli yoyote ya chuma. Kwa kipimo hiki ziwa halina mshindi. Lina wapitaji tu. Na kwa watu waliopoteza jamaa zao ilipozama MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, hadithi ya chombo ni hadithi ya waliokipanda, kabla ya kuwa sifa au aibu ya nahodha.

Kipimo hicho kinatoa mwanga juu ya kisa ambacho vitabu hukitumia kama kichekesho. Inasimuliwa kwamba Waholoholo wa Lukuga walimwita afisa huyu Bwana Chifunga-tumbo, kwa ajili ya ile sketi yake, na kwamba walifinyanga sanamu yake ya udongo. Simulizi za Kizungu zinaeleza sanamu hiyo kuwa ni ibada. Lakini nani aliwauliza wafinyanzi? Sanamu yaweza kuwa sifa, yaweza kuwa dawa, yaweza kuwa dhihaka. Nalo jina la kubandikwa, popote pale Afrika ya Mashariki, ni hukumu fupi ya watu juu ya mkubwa wao. Jina na sanamu ni uhakiki wa kwanza wa maisha ya Spicer-Simson, uliotungwa naye akiwapo. Waandishi waliofuata wameutaja bila kuusoma.

Foden, kwa haki yake, anaifuata hadithi hadi kwenye Liemba, meli ambayo Wadachi waliiita Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe Kigoma mwezi wa Julai 1916, na Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini mwaka 1927. Hapo kitabu chake kinawakaribia watu wa ziwa. Lakini ni mwisho wa safari, si msingi wake. Afisa mwenyewe alimaliza kazi yake akiwa katibu mkuu wa shirika la kimataifa la upimaji wa bahari huko Monaco, akafariki Kanada mwaka 1947. Kupima kina cha maji ndiyo kazi aliyoijua tangu ujana, na ndiyo sehemu ya maisha yake iliyoandikwa kidogo kuliko zote.

Mwanafunzi atakayetaka kuandika juu ya vita vya maziwa kwa Kiswahili hana haja ya kumfukuza afisa huyu katika hadithi. Imempasa kubadili mahali pa kusimama: aanzie ufukweni, kwa aliyefinyanga udongo Lukuga na kwa aliyerudi nyumbani kwake Bukoba baada ya tarehe 23 Juni 1915 akakuta mlango uko wazi.