Mstari wa Mwisho wa Slaidi ya Columbia

Tarehe 16 Januari 2003, sekunde 82 hivi baada ya chombo cha anga cha Columbia kuruka kutoka Florida, kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi la nje la mafuta kikagonga bawa la kushoto. Wanaanga 7 wakiwa bado angani, wahandisi wa Boeing waliandaa slaidi za PowerPoint kuwaeleza wakubwa wa NASA kama bawa lilikuwa salama. Moja kati ya hizo ilikuja kuchambuliwa sana, hasa na Edward Tufte, mtaalamu wa Marekani wa kuonyesha takwimu kwa michoro. Naichambua tena kama kazi ya usanifu, maana makosa yake bado yanaonekana kwenye kumbi zetu za semina.

Kichwa chake kilisema kwamba data za majaribio zinaonyesha tahadhari ya ziada kuhusu povu kupenya vigae vya kukinga joto. Mwenye haraka anaelewa jambo moja: hatari ni ndogo. Kumbe tahadhari iliyotajwa ilikuwa ya programu ya kukadiria uharibifu, iliyozoea kukisia shimo kubwa kuliko lile linalotokea. Haikuwa habari ya bawa.

Chini ya kichwa kuna vitone ndani ya vitone, kila ngazi na alama yake, na herufi zinapungua kadiri unavyoshuka. Katikati imefichwa habari kwamba kigae kikishapenywa, povu linaweza kukiharibu vibaya. Ukifika mwisho kabisa, ndipo unakuta jambo lililostahili kuwa kichwa: hali halisi ya safari iko nje kabisa ya majaribio yaliyowahi kufanywa. Povu lililopimwa lilikuwa la inchi za ujazo 3. Lililokadiriwa kugonga bawa, inchi 1,920.

Hiyo ni mara 640. Kwa vipimo vyetu, ni kijikombe cha kahawa mbele ya dumu moja na nusu la lita 20.

Neno la Kiingereza lenye maana ya “kikubwa” au “kwa kiasi kikubwa” limetumika mara 5 kwenye ukurasa huo mmoja, na isipokuwa mwishoni, kwenye mstari wa zile inchi, hakuna mahali limefuatwa na kipimo cha huo ukubwa. Inchi za ujazo nazo zimefupishwa kwa namna tofauti ndani ya mistari michache. Wengine huona hilo ni jambo dogo la uhariri. Mimi sioni hivyo: vipimo vikiandikwa kwa namna moja, tena vikiwekwa jirani, jicho huvilinganisha lenyewe.

Ningeisuka upya hivi. Kichwa kiwe sentensi kamili yenye uamuzi: “Povu lililogonga bawa ni kubwa mara 640 kuliko tulilopima, hatuwezi kuthibitisha usalama.” Sentensi ya namna hiyo kwa Kiswahili itachukua mistari miwili, na iachwe ichukue. Usiifupishe hadi ibaki “Matokeo ya Majaribio”, kichwa kisichosema lolote. Chini yake, ngazi moja ya maelezo inatosha, kwa herufi ambazo mtu wa kiti cha nyuma anazisoma bila kukunja uso, nyeusi juu ya nyeupe kama ukumbi una madirisha mengi.

Mchoro ndio unaohitaji akili zaidi. Ukitumia nguzo, ile ndogo ikiwa na sentimita 1, kubwa itahitaji mita 6.4; haiingii. Ukichora michemraba miwili kwa uwiano sahihi, upande wa mkubwa unakuwa mrefu mara 8.6 tu, na jicho litaipunguza tofauti. Kwa hiyo chora michemraba, kisha andika “mara 640” pembeni kwa herufi kubwa kuliko zote isipokuwa kichwa. Rangi nzito ipewe mchemraba mkubwa peke yake. Nembo, vivuli na picha za mapambo viondolewe.

Tarehe 1 Februari 2003 Columbia ilivunjika ikirejea duniani, na wote 7 wakafariki. Slaidi haikuwaua: povu lilikuwa limetoboa ukingo wa mbele wa bawa, na maombi ya wahandisi ya kupigwa picha za chombo kikiwa angani hayakukubaliwa. Hata hivyo ripoti ya bodi ya uchunguzi, iliyotoka Agosti mwaka huohuo, iliikosoa NASA waziwazi kwa mazoea ya kutumia slaidi badala ya ripoti kamili za kiufundi.

Basi msomaji, kabla hujaingia ukumbini, mwonyeshe slaidi yako mtu asiyeijua kazi yako kwa sekunde 10, kisha uifunge na umuulize amepata nini. Akitaja jambo tofauti na lile unalotaka liamuliwe, anza kurekebisha kichwa.